Sabini na Tatu, Sitini na Sita

Simu ililia saa nne na dakika ishirini asubuhi. Wazee wa kanisa walikuwa kikaoni, wakibishana kama lianze paa la darasa la watoto au uzio. Mwanamke pekee kati yao aliichungulia simu mapajani, akaona jina la kaka yake kama alivyoliandika mwenyewe: Sabini na Tatu. Akafurahi hata akasahau yuko wapi. Kaka yake alikuwa na siku ya kumi na moja hospitalini, nusu ya mwili imekufa ganzi, na tangu alazwe hakuwahi kushika simu. Kama leo amepiga, basi mkono umerudi.

Akaipokea palepale mezani, kwa sauti ileile aliyomjibia miaka yote.

"Haya, Papa wa mtaa! Umetoa amri gani leo?"

Sauti ya msichana ikasema, "Samahani, mama. Mimi ni muuguzi. Nimetumia simu ya mgonjwa kwa sababu namba yako ndiyo ya kwanza humu. Una mtu karibu nawe?"

Alikuwa na watu sita karibu naye. Wote walikuwa wameusikia ule utani, na mmoja alikuwa bado anacheka.

Hivyo ndivyo alivyopokea habari ya kifo cha mtu aliyemlea. Baadaye alipoulizwa alikuwa wapi ilipomfikia, alisema tu, "Nilikuwa kikaoni." Hakumwambia mtu neno lake la kwanza lilikuwa lipi.

Kaka yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Wazazi wao walipofariki, yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na mdogo wake ana saba. Ufundi aliupata kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, kisha akafungua chumba chake mwenyewe: meza ndefu, kibano cha chuma chenye gurudumu juu yake, sufuria ya gundi ya unga, rafu za karatasi, na nyuma kitanda chake na mlango wa uani. Hakuoa. Akiulizwa alijibu, "Nani atakubali kulala na mume anayenuka uji?" Mdogo wake alikulia chini ya meza ile. Alifanya kazi za shule akiwa amekalia majalada, na alipofika miaka kumi kaka yake akampa sindano ashone.

Kitabu hakishonwi karatasi mojamoja. Karatasi hukunjwa pamoja, kila kikunjo kurasa kumi na sita, kisha kila kikunjo hutobolewa matundu matano mgongoni na uzi wenye nta hupita ndani na nje, ukiunganisha kikunjo kimoja na mwenzake. Kaka aliyapa matundu yale majina ili mtoto asisahau. La kwanza Baba, la pili Mwana, la tatu Roho, na mawili ya mwisho Amina na Amina. Mtoto akawa na kosa lake moja lisilosikia dawa: kila akifika la tatu, analiruka. Kaka alikuwa akilitazama shono lile, anatikisa kichwa, anafumua lote.

"Umemruka Roho Mtakatifu tena, mdogo wangu."

Alikuwa na utani kama huo ambao haukumchosha mtu. Lakini yeye mwenyewe, kuruka tundu, afadhali akatwe kidole.

Mdogo wake akakua, akaolewa na mtu wa kanisa la Kiprotestanti, akaliacha la Kikatoliki walimolelewa, akahamia huko. Watu walidhani kaka atagoma. Siku ya harusi alikaa benchi la mbele akaimba nyimbo zao zote bila kitabu, maana vitabu vile alikuwa amevijalidi mara tatu na maneno alikuwa nayo kichwani. Ugomvi ulianza baadaye, dada alipoanza kusoma kwa bidii na kupata la kusema. Ulidumu miaka thelathini na miwili, na mshona viatu wa chumba cha pili, ambaye ukuta wake ulikuwa mwembamba, ndiye aliyewabandika majina. Kaka akawa Sabini na Tatu, kwa Biblia yake ya vitabu sabini na vitatu. Dada akawa Sitini na Sita, kwa yake.

"Vile saba nani aliwapa ruhusa ya kuvitoa?" kaka alikuwa akiuliza huku akipaka gundi.

"Na ninyi nani aliwapa ruhusa ya kuviweka?"

"Kanisa."

"Kanisa nalo lilipewa na nani?"

"Na Bwana mwenyewe. Sikiliza, bibie. Nimefanya kazi hii tangu hujaota meno ya pili. Sijaona kitabu kilichojishona chenyewe. Lazima pawe na mtu wa kusema, hiki kinaingia, hiki kinabaki nje, hapa uzi unakatwa. Sasa wewe unakumbatia kitabu, halafu aliyekishona unamkana!"

"Na wewe umeshona vitabu vingapi? Umetunga kipi? Fundi akimaliza kazi anakirudisha kwa mwenyewe. Haanzi kujifanya mwandishi."

Hapo mshona viatu hugonga ukuta. "Nyamazeni ninyi! Mimi nimeshona viatu vya padre na vya mchungaji, visigino vyote vinalika upande uleule!"

Wakacheka wote watatu, na kesho yake wakaanza upya. Ugomvi wao ulikuwa wa kweli ingawa waliucheka. Dada aliamini kwa moyo wote kwamba hakuna mwanadamu, awe na kofia ndefu kiasi gani, wa kusimama juu ya Neno. Kaka aliamini kwa moyo wote kwamba mdogo wake alikuwa nje ya nyumba, na mvua inanyesha.

Siku ya nne ya kulazwa kwake, mdomo umepinda upande, alimwambia maneno mawili. La kwanza lilikuwa dogo. "Biblia yako bado sijaigusa. Iko rafuni vipande vipande. Usiikimbilie." Dada alikuwa amempelekea mwezi mmoja kabla, mgongo umekatika.

La pili lilimchukua muda mrefu kulitamka. "Nikitangulia, uniombee. Mara moja tu. Wewe, si mwingine."

"Kaka, nakuombea sasa hivi, uko hai. Usianze."

"Baada ya kufa, nasema."

"Unajua hatuombei wafu. Imeandikwa wapi?"

Nusu ya uso wake iliyokuwa nzima ilitabasamu. "Katika vile mlivyovitoa."

Dada alinyoosha shuka, akamnywesha maji kwa kijiko. Siku zilizobaki alienda kila siku, na kaka yake hakulirudia ombi lile. Alimtazama tu.

Kesho yake baada ya simu, saa sita mchana, dada alikwenda dukani pamoja na binti yake kuchukua suti ya kumzikia marehemu. Ufunguo alikuwa nao. Mshona viatu ndiye aliyefunga duka siku fundi alipoanguka, akampa dada ufunguo mkononi, nao ulikuwa umekaa kwenye mkoba wake siku zote. Ulikuwa mmoja tu, wa mlango wa mbele na wa uani.

Walipousukuma mlango, binti akasimama kizingitini.

"Mama, mbona kunanuka uji?"

Palikuwa panawaka jua la mchana, watu wanapita barabarani, redio ya kinyozi inaimba. Ndani gundi ilikuwa sufuriani, nyeupe na laini. Gundi ya unga haikai siku tatu bila kuota ukungu. Dada aliigusa brashi, ikamlowesha. Rafuni, mahali pa Biblia yake, palikuwa na alama ya vumbi yenye umbo la kitabu na hapakuwa na kitabu. Kilikuwa kwenye kibano, kimebanwa kwa gurudumu, kimeshonwa, na mgongo wake umepakwa gundi ambayo bado ilikuwa mbichi.

"Labda mjomba aliimaliza kabla hajaanguka," binti alisema.

"Aliniambia kitandani. Hajaigusa."

"Labda alisahau."

"Mjomba wako asahau kitabu?"

Walitoka wakaenda kwa mshona viatu. Mzee yule alisimama, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya kiatu, akaanza kutoa pole, lakini dada alimkatiza akauliza nani aliyeingia dukani.

"Si wewe?" mzee akashangaa. "Nimekusikia juma zima. Tangu siku ya tatu au ya nne hivi. Kama saa nne asubuhi nasikia nyundo ya mti inapiga karatasi, halafu kimya, halafu gurudumu la kibano. Nikasema kumbe yule mtoto hajasahau kazi. Hata nikagonga ukuta."

"Ukagonga?"

"Si unajua mimi na kaka yako? Chai ikichemka nagonga mara mbili, naye anajibu mara mbili. Basi nikagonga." Aliuvua mkono kutoka kwenye kiatu. "Na nikajibiwa. Dada, hukuwa wewe?"

"Sikuwa mimi."

Mzee aliutazama ukuta wake muda mrefu. Kisha akahamisha kiti chake upande wa pili wa chumba, akiburuta na sanduku la misumari.

Dada alirudi, akalegeza gurudumu, akaitoa Biblia. Aliiweka mezani, nayo ikafunguka yenyewe. Hilo halikumtisha, maana kila mjalidi anajua kitabu kipya hufunguka pale mgongo ulipo mlegevu. Alitazama kilipofungukia. Malaki ilikuwa imekwisha upande wa kushoto, Mathayo haikuwa upande wa kulia. Kati yao palikuwa na kikunjo kizima cha karatasi tupu. Kurasa kumi na sita, nyeupe, hazina hata mstari.

"Ni za nini?" binti aliuliza.

Mama yake alikuwa ameinama kwenye mgongo wa kikunjo kile, akifuata uzi kwa ukucha wake. Tundu la kwanza. La pili. La nne. La tano. Akafuata kikunjo kilichotangulia, na kilichofuata. Vyote vilikuwa hivyo. Toka Mwanzo mpaka Ufunuo, uzi ulikuwa umeliruka tundu la tatu.

Aliketi kwenye kigoda. Alieleza polepole kosa lile ni la nani. Binti akasema neno ambalo lilikuwa linamkereketa tangu walipotoka kwa mshona viatu.

"Mama, hospitali wanaruhusu kuona wagonjwa saa saba hadi saa nane."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unaondoka nyumbani saa tatu na nusu."

"Nilikuwa nawahi."

"Kutoka kwetu mpaka hospitali ni mwendo wa nusu saa. Ulikuwa unakaa wapi, mama?"

Alitaka kujibu. Alikumbuka benchi la mbao na ukuta wa rangi ya maziwa, na watu wamekaa na vikapu. Alikumbuka kukaa. Lakini siku zile zote, alipojaribu kuzitenga moja na nyingine, zilikuwa kama karatasi zilizolowana: ukivuta moja zinachanika zote. Aliifungua mikono yake akaitazama. Jana aliliona jeraha dogo kwenye kidole gumba, akadhani ni pini ya kitenge. Hakulionyesha.

"Sikuwa mimi," alisema tena, safari hii kwa sauti ndogo.

Biblia aliichukua, maana hakuwa na nyingine, akapitia kwa mchungaji wake. Alikuwa kijana kuliko yeye, mtu mwema, aliyemheshimu. Hakumweleza habari ya gundi wala ya ukuta. Alimweleza ombi la kaka yake.

"Mzee wetu," mchungaji alisema, "kwenda kwenye misa ya mazishi hakuna anayekuzuia. Ni damu yako, na mimi nitakuja. Lakini kumwombea marehemu? Wewe unafundisha darasa la ubatizo. Kesho mtoto atakuuliza."

"Je, nikikuomba ruhusa?"

"Siwezi kutoa ruhusa ambayo Neno halikuitoa. Mimi si papa." Alisema hivyo ili acheke. Hakucheka. Mchungaji akaivuta Biblia ya dada amsomee mstari wa faraja, nayo ikafunguka kwenye kurasa tupu. Akaifunga, akaifungua kwa kidole mahali alipotaka. Alipouondoa mkono kurasa zilijigeuza taratibu, kwa sauti kama ya mtu anayetembea kwenye majani makavu, zikatulia pale pale. Aliigandamiza kwa kiganja chake. Kisha akaondoa kiganja, akakifuta kwenye suruali.

"Imejalidiwa vibaya," alisema.

"Ndiyo."

"Tukuombee wewe basi," alisema mchungaji, na akaomba, macho yake yakiwa wazi.

Padre alimpokea jioni kwenye varanda ya parokia. Alikuwa mzee, amevaa kandambili, na mbele yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa kaka kabla ya ugonjwa. Nyimbo zilikuwa zimechaguliwa, na somo. Na pale penye maombi kwa ajili ya marehemu, aliandika, "Asome mdogo wangu."

"Naweza kumpa mtu mwingine, mama," padre alisema. "Hakuna anayekulazimisha."

"Kwenu nikisoma, nitakuwa nimerudi?"

"Hapana. Utakuwa umesoma."

"Na nisiposoma, yeye atapungukiwa?"

Padre alijikuna kidevu. "Misa itasomwa. Watu mia watamwombea. Hatapungukiwa na kitu ninachokijua mimi." Akauliza, "Nani anayekukataza? Mchungaji wako?"

"Dhamiri yangu."

"Basi hapo mimi sina mamlaka."

Alirudi nyumbani akiwa na hasira na wote wawili. Miaka thelathini na miwili alikuwa amebishana juu ya nani mwenye neno la mwisho, na leo alipolihitaji neno hilo, kila mtu alikuwa akimrudishia mkononi. Angalau kama kaka yake angekuwapo, angeamuru.

Kesho yake asubuhi na mapema, jikoni, binti akichemsha chai, aliifungua Biblia mara ya mwisho kabla ya mazishi. Kurasa zilikuwa vilevile, tupu. Alifikiri kama mjalidi. Kikunjo hakiingii kitabuni kwa bahati mbaya. Mtu huzikata karatasi, akazikunja, akazitoboa, akachagua mahali, na hapa ndipo penye pengo la vile vitabu saba. Kama ni kaka yake aliyefanya hivyo, nusu ya mwili ikiwa imelala hospitalini, basi alimshonea kwa kosa lake yeye ili ajue ni barua yake. Na kama ni mikono yake mwenyewe iliyofanya, saa nne asubuhi, katika chumba ambacho hakumbuki kuingia, basi jibu la ombi lile lilikwisha kutolewa siku nyingi, na kinywa ndicho kilichochelewa. Hakujua ni lipi kati ya hayo. Lakini yote mawili yalifikia mahali pamoja.

"Binti yangu," alisema, "nitasoma."

"Na uzee wa kanisa?"

"Nitaandika barua. Wasilazimike kunifukuza."

Misa ilianza saa nane mchana. Kanisa lilijaa: walimu waliojalidiwa vitabu vyao, wanakwaya wa makanisa yote mawili, kinyozi, mshona viatu kwa koti lililombana mabegani. Wazee wenzake watano wa kanisa walikaa benchi la nyuma kabisa. Mchungaji alikuja akakaa nao.

Ulipofika wakati wa maombi, padre alimtazama tu, hakumwita. Dada aliinuka, akasimama mbele bila karatasi. Alisema, "Bwana, huyu alinilea nikiwa sina mtu. Mrehemu. Kama kuna jambo alilokukosea, msamehe. Nakuomba mimi, mdogo wake." Watu wakaitikia. Kutoka benchi la nyuma hapakusikika sauti ya kuitikia, wala hakuna aliyetoka nje.

Makaburini walifika saa tisa na nusu. Jeneza lilibebwa na watu sita: wanaume wanne wa parokia, mshona viatu, na mchungaji, ambaye aliona upande mmoja umepungukiwa mtu akaingia bila kuombwa. Padre alibariki kaburi akanyunyiza maji. Mchungaji aliinamisha kichwa, akasubiri zamu hiyo ipite. Jeneza likashushwa kwa kamba mbili. Kamba ya upande wa miguu ilikwama kidogo, wakailegeza, likakaa sawa.

Dada alitupa udongo wa kwanza, binti yake wa pili. Kisha watu wakapita mmoja mmoja. Wanaume walishika makoleo, na kwaya ikaimba nyimbo nne kabla shimo halijajaa. Waliweka msalaba wa mbao wenye jina na miaka. Padre akashukuru watu waliokuja, akatangaza kwamba wanaokwenda nyumbani kwa marehemu wafuate njia ya chini kwa sababu ya juu ina matope. Mchungaji alimpa dada mkono akasema, "Pole, mama." Hakumwita mzee wetu. Dada akajibu, "Asante, Mchungaji."

Saa kumi na moja kasoro, yeye na binti yake walishikana mikono wakateremka kwa njia ya chini.